Kurekodi au kustrimu? Historia ya kile kidude kilicho chini ya TV yako

SEHEMU YA 1

Swali linaloongoza inbox wiki hii siyo la homa ya meno (ambayo narudia tena, siyo ya meno, mpelekeni mtoto apimwe). Ni hili: "Nesi, hela tuliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Tuchukue king'amuzi kinachorekodi, au kile kijiti cha kustrimu cha kuchomeka nyuma ya TV?"

Mtasema nesi na ving'amuzi wapi na wapi. Yanahusiana sana. Mama akija kliniki akaniambia mtoto wa miaka 3 halali mpaka saa 5 usiku, swali langu la pili huwa: TV iko chumba gani, na nani anaizima? Nitajibu swali lenu, ila mnivumilie nianzie mbali kidogo. Hivi vitu viwili vimetoka tumbo moja, na historia yake ni ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani mwenye kuamua familia itazame nini na saa ngapi.

Zamani TV ilikuwa kama basi la mkoani. Linapita saa yake, ukilikosa umelikosa. Kipindi cha watoto kikiwekwa saa 9 mchana na mwanao yuko chekechea, basi tena. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Betamax, mashine ya kunasa kipindi kwenye kanda ili ukitazame baadaye. Mwaka uliofuata JVC nao wakaja na VHS, ile mikanda mikubwa myeusi ambayo wengi wetu tuliiona sebuleni kwa mjomba. Kanda za kwanza za Betamax zilibeba saa 1, za VHS zikabeba saa 2. Hiyo ilikuwa sababu moja kubwa ya VHS kushinda: filamu nzima iliingia kwenye kanda moja.

Wenye filamu walikasirika. Mwaka 1976 Universal na Disney wakaishtaki Sony kule California. Hoja yao, kwa lugha ya sokoni: anayerekodi nyumbani anatuibia, na anayemuuzia mashine ndiye anayempa panga. Sony wakashinda mwaka 1979, wakashindwa kwenye rufaa mwaka 1981, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani. Katikati ya hapo, mwaka 1982, kiongozi wa chama cha makampuni ya filamu, Jack Valenti, alikwenda bungeni akaifananisha mashine hii na yule muuaji wa Boston aliyekuwa akinyonga wanawake majumbani mwao. Jamani! Deki!

Sasa kuna shahidi mmoja nataka mmkumbuke. Anaitwa Fred Rogers. Alikuwa mchungaji, na alikuwa na kipindi cha watoto wadogo, Mister Rogers' Neighborhood, kilichoanza kurushwa Marekani nzima mwaka 1968 kutoka mji wa Pittsburgh. Kilikuwa kipindi cha taratibu sana, mtu anaongea na mtoto kama anavyoongea bibi mwenye subira. Huyu naye alikuwa mwenye kipindi kinachorekodiwa, kwa hiyo ungetarajia akae upande wa Universal na Disney. Akakaa upande wa mashine. Aliieleza mahakama kwamba vituo vingine vinaweka kipindi chake saa ambazo watoto hawawezi kukiangalia, na kwamba mzazi akiweza kukinasa na kumwonyesha mwanawe kwa wakati unaofaa, hiyo ni huduma kwa familia. Akasema pia kwamba hapendi watu kupangiwa maisha na wengine.

Tarehe 17 Januari 1984 uamuzi ukatoka. Majaji 5 upande wa Sony, 4 upande wa pili. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika uamuzi huo, aliyaingiza maneno ya Rogers ndani yake. Ina maana kurekodi kipindi nyumbani kwa ajili ya kukitazama baadaye kulihalalishwa kule kwa tofauti ya jaji mmoja, na mtangazaji wa kipindi cha chekechea alikuwa mmoja wa waliosaidia.

Na wale waliolia kwamba deki itawaua? Kabla muongo haujaisha, walikuwa wanaingiza pesa nyingi kwenye kanda kuliko kwenye majumba ya sinema.

SEHEMU YA 2

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume, na hili watu wanalisahau. Kenya walikuwa na TV tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zanzibar nao wakapata yao mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati sehemu kubwa ya Afrika haijaona hata ya nyeusi na nyeupe. Lakini Tanzania Bara tulikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994.

Fikirieni maana yake. Katika nyumba nyingi za Bara deki iliingia kabla ya kituo. Mmarekani alinunua mashine ili arekodi kilichorushwa. Sisi tuliinunua wakati hakuna kinachorushwa. Kitufe cha kurekodi kilikaa pale kama pambo. Kazi ya deki ilikuwa kuchezesha: mikanda ya kukodi, picha za Kihindi, kung fu, na mkanda wa harusi ya dada ambao kila mgeni lazima auone mpaka kwenye kukata keki.

Kisha vikaja vibanda vya video, vya kulipia kiti. Wakaja na watafsiri, watu kama Lufufu, ambaye alikuingizia Kiswahili juu ya filamu ya Kizungu au ya Kichina mpaka unaona kama imechezwa Kariakoo. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana ma-VJ wao. Baadaye CD, DVD zenye filamu kumi ndani ya diski moja, na mwisho flash: unampelekea kijana wa library, anakujazia, unalipa, unaondoka. (Ndiyo, sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikuwa ya kudurufu bila ruhusa. Silitetei, nasimulia tu.)

Ninachotaka mkione hapo ni hiki. Familia zetu zilikuwa tayari na tabia ya kuchagua kwanza, kutazama baadaye. Mama anamtuma mtoto na mia tano, anarudi na mkanda mmoja. Mkanda ukiisha umeisha, skrini inakuwa na chenga, watu wananyanyuka. Hakuna aliyehitaji kumwambia mtoto "sasa basi inatosha", maana kanda yenyewe ilisema.

SEHEMU YA 3

Turudi Marekani, mwaka 1999. Kampuni mbili, ReplayTV na TiVo, zinatoa boksi lisilotumia kanda. Ndani lina diski kuu kama ya kompyuta. Linapiga simu usiku lenyewe kupitia waya wa simu ya mezani, linashusha ratiba ya vipindi, na wewe unaliambia tu jina la kipindi. Kikihamishwa saa, linakifuata huko. Unaweza kusimamisha matangazo yanayorushwa muda huohuo, ukanyonyesha, ukarudi ukaendelea pale ulipoachia. Kwa mama mwenye mtoto mchanga hilo ni jambo kubwa kuliko wahandisi walivyojua.

Halikuwa la bei ya kawaida. TiVo ya kwanza ya saa 14 iliuzwa dola 499, ya saa 30 dola 999, na juu yake ada ya mwezi. Hapa ndipo ada ya mwezi ilipoingia mlangoni, mama zangu. Deki ulinunua mara moja ikawa yako. Boksi ulinunua na ukaendelea kulilipia.

Ugomvi ukaanza upya. Safari hii ilikuwa kuhusu matangazo ya biashara. ReplayTV ilitoa toleo linaloruka matangazo lenyewe, na mwaka 2001 makampuni ya TV yakaenda mahakamani. Mkuu mmoja wa televisheni, Jamie Kellner, alisema mwaka 2002 kwamba kuruka matangazo ni wizi, kwa sababu mtazamaji ana mkataba na kituo. Alipoulizwa kuhusu kwenda chooni wakati wa tangazo, akakubali kwamba hilo linaweza kuvumiliwa kidogo. Nashukuru. Kampuni iliyoimiliki ReplayTV ikafilisika mwaka 2003.

TiVo wenyewe walileta somo lingine, bila kukusudia. Februari 2004, kwenye fainali ya mpira wa Kimarekani, vazi la Janet Jackson lilifunguka jukwaani. TiVo wakatangaza kwa furaha kwamba hicho ndicho kipande kilichorudiwa zaidi katika vyote walivyowahi kupima. Watu wakashtuka: mmejuaje? Kumbe boksi lililokuwa linamtazamia mtu TV lilikuwa linamtazama na mtu mwenyewe. TiVo walisema takwimu hazina majina ya watu, sawa, lakini kuanzia siku hiyo ikajulikana kwamba rimoti ina masikio. Leo kila kijiti na kila TV ya kisasa hufanya hivyo. Mwaka 2017 kampuni ya TV ya Vizio ililipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la kukusanya habari za watazamaji kupitia TV milioni 11 bila kuwaomba ruhusa ipasavyo. Kwa hiyo ukiambiwa TV yako inajua mwanao anapenda katuni gani, usicheke.

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo ninapopapenda. Mwanzilishi wa ReplayTV aliitwa Anthony Wood. Baada ya kampuni hiyo alianzisha nyingine, ikawa ya sita kwake, akaiita Roku, neno la Kijapani lenye maana ya sita. Mwaka 2007 Netflix, ambao mpaka wakati huo walikuwa wanatuma DVD kwa posta, walianza kurusha filamu kupitia intaneti. Walihitaji kiboksi cha kuifikisha kwenye TV, Wood akaingia kuwatengenezea. Kikakaribia kumalizika, bosi wao Reed Hastings akaghairi: wakiuza boksi lao wenyewe, makampuni mengine ya vifaa yangewaona wapinzani. Kazi ikahamishiwa Roku, na Mei 2008 kiboksi kikatoka kwa dola 99.99.

Yaani mtu yuleyule aliyetuletea boksi la kurekodi ndiye aliyetuletea boksi la kutorekodi. Maana kiboksi cha Roku hakikuwa na diski ya kuhifadhia vipindi. Filamu inapita kama maji bombani; ukifunga koki huna kitu ndani ya ndoo. Mwaka 2013 Google wakaleta Chromecast ya dola 35, kidogo kama kidole gumba. Amazon nao wakaja na kijiti chao mwaka 2014. Bei ikashuka, na boksi zito la diski likaanza kuonekana zee.

Ilionekana kama ndoto ya Fred Rogers imetimia kabisa: kila kipindi, saa yoyote. Ila tazameni kilichoondoka. Kanda ilikuwa na mwisho. Hata boksi la kurekodi lilikuwa na mwisho, kwa sababu uliyoyarekodi ni hayohayo. Mwaka 2012 Netflix wakaanzisha utaratibu wa sehemu inayofuata kuanza yenyewe, baada ya sekunde chache, usipogusa kitu. Ni jambo dogo kwa macho. Kabla yake, kuendelea kutazama kulihitaji mkono wako. Baada yake, kuacha ndiko kunakohitaji mkono, na mtoto wa miaka 3 hana mkono wa kuacha. Hata mimi nikitoka zamu nimechoka sina.

Mwaka 2017 Hastings aliulizwa kuhusu washindani wake, akajibu kwamba wanashindana na usingizi. Alisema kwa utani, na watu wakacheka. Mimi kazi yangu ni usingizi wa watoto, kwa hiyo nilichukulia kama taarifa ya kampuni.

Sisi tulifikiwa Januari 2016, Netflix walipofungua nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Kenya na Tanzania zikiwemo. Haukupita mwaka wakakuta ulimwengu wetu wa bando, na Novemba 2016 wakaruhusu kupakua, yaani kushusha filamu kwenye simu ukaitazama bila intaneti. Kurekodi kule kulikozikwa kukarudi kwa mlango wa nyuma. Kenya walijaribiwa hata kifurushi cha bure cha simu tangu 2021, kikafungwa Novemba 2023. Cha bure hakidumu, mnajua.

SEHEMU YA 5

Haya, swali lenu.

Ving'amuzi vya kurekodi vilifika Afrika kupitia MultiChoice ya Afrika Kusini mwaka 2005, na Explora yao ikafuata mwaka 2013. Vingine vya kawaida, vilivyojaa majumbani tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, vina tundu la USB, na baadhi vinaweza kurekodi kwenye flash. Angalia nyuma ya chako kabla hujaenda dukani. Huenda unacho tayari.

Kabla sijasema kipi, wekeni hesabu hii pembeni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019. Mtoto chini ya mwaka 1, skrini hapana kabisa. Wa mwaka 1, bado hawashauri. Kuanzia miaka 2 mpaka 4, isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora. Usingizi wa mtoto wa miaka 3 au 4 ni saa 10 hadi 13, ukijumlisha na ule wa mchana. Hizo saa hazikujali kama picha imetoka kwenye dishi au kwenye intaneti.

Sasa bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Saa 1 kila siku kwa mwezi ni GB 90. Ukishusha ubora hadi wa chini kabisa ni karibu GB 0.3 kwa saa, yaani GB 9 kwa mwezi, picha inakuwa na ukungu kidogo lakini mtoto wa miaka 4 hajali, anataka kumwona tembo. Kipindi ulichorekodi ukikirudia mara 40 (na watakirudia mara 40) hakili hata MB moja. Watoto wadogo wanapenda kurudia, na ndivyo wanavyojifunza maneno. Kwao kurekodi sehemu 6 za Ubongo Kids au Akili and Me ni utajiri wa miezi.

Kwa hiyo, kama tayari mnalipia dishi na watoto wako chini ya miaka 5, mimi ningechukua cha kurekodi. Lakini muulize muuzaji mambo mawili kabla hujatoa hela: kama kurekodi kuna ada ya ziada kila mwezi, na kama ulivyorekodi vinafunguka kifurushi kikiisha. Kwenye vingine vimefungwa kwa kufuli la kampuni. King'amuzi kikiungua, huwezi kuhamishia diski kwa jirani. Na umeme ukikatika saa ya kipindi, hakuna kilichorekodiwa. Wanaokaa maeneo ya mgao wanajua.

Kama mna Wi-Fi ya mwezi isiyohesabu GB, chukueni kijiti. Ni cha bei nafuu na vya kuangalia ni vingi. Ila siku hiyohiyo, kabla mtoto hajaamka, fanya kazi hii: fungua wasifu wa mtoto, weka namba ya siri kwenye wasifu wa wakubwa, na zima ule utaratibu wa sehemu inayofuata kujianzisha. Netflix umewekwa kwenye mipangilio ya kila wasifu, kwa hiyo ukizima wa kwako tu wa mtoto unabaki unawaka. YouTube nayo ina swichi yake. Mwelekeze na dada wa kazi, maana yeye ndiye anayekaa na rimoti mchana, na mara nyingi hakuna aliyemweleza kitu zaidi ya "asilie".

Na wewe unayeishi kwa bando la siku na Luku ya elfu mbili, usinunue chochote. Shusha vipindi vitatu kwenye simu ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au kwa shemeji, na mwanao ataangalia hivyo hivyo wiki nzima kwa raha zake. Hela iliyobaki nunua chandarua kipya.

Nimeulizwa pia kama boksi la kurekodi litapitwa na wakati. Limeshapitwa, kule lilikozaliwa: TiVo waliacha kuuza maboksi yao mwaka 2025. Kinachorekodiwa sasa kinahifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni na wewe unapewa ruhusa ya kukitazama, kwa muda wanaotaka wao. Ndiyo maana ving'amuzi vya diski vilivyotumika vinauzwa bei rahisi siku hizi. Ukikiona cha bei poa, mwambie fundi akiwashe mbele yako, arekodi dakika 5, achezeshe, ndipo utoe hela.

Niko naiti mpaka Alhamisi, maswali yatajibiwa Ijumaa mchana. Sehemu inayofuata ni ile mliyoiomba ya macho ya mtoto na umbali wa kukaa kutoka kwenye TV. Njooni na vipimo vya sebule zenu.